Shiraa Katikati ya Njia

Ilikuwa postikadi tu, imefifia mpaka imepata rangi ya chai. Ilionyesha njia kuu ya Lamu enzi za babu zetu: nyumba za mawe zimebanana, punda mmoja, wazee wawili barazani. Katikati ya njia palikuwa na shiraa, lile hema la kitambaa ambalo wajakazi walilishikilia kwa miti ili mwanamke wa kiungwana atembee ndani asionekane. Leo wageni wa mahoteli wanapita papo hapo na kaptura.

Ndani ya shiraa ile alikuwamo bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa akienda matangani, mzungu mwenye kamera ya miguu mitatu akawasimamisha wajakazi, naye akawafokea kutoka ndani waendelee na safari. Hakupigwa picha nyingine maishani mwake. Mama hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mamake, na kadi hiyo alikuja nayo Nairobi sandukuni, ndani ya kanga.

Tuliishi nyuma ya maduka ya Adams Arcade, nyumba ya baridi tupu. Miaka ya sitini ikaisha, ya sabini ikaingia, mama bado anavaa sweta mbili na kusema tutarudi kwetu mwakani. Baba, karani mjini, alichoka kuyasikia hayo, nami nilichoka na wote wawili. Idi moja ilipokaribia, baba akaamua kumfurahisha mama. Akaipeleka kadi studio mjini isafishwe, ikuzwe, itiwe fremu.

Nilifuatana naye kuichukua. Mafundi wa picha wa wakati ule walikuwa na brashi ndogo ya kufutia chunusi na makovu. Ulikuwa hutoki studio na uso wako mwenyewe. Fundi akatufunulia picha kubwa, inang'aa. Njia ilikuwa tupu.

"Kulikuwa na matambara hapo katikati, imeharibu picha," akasema kwa fahari. "Nimetoa yote. Si saa hii barabara iko safi?"

Baba akaulizia kadi. Fundi alikuwa ameipaka rangi kadi yenyewe kwanza, juu ya shiraa, ndipo akaipiga picha.

Nilitaka kumtukana, nikajizuia. Mtu wa bara angejuaje kwamba ndani ya nguo ile mlikuwa na mtu? Baba alitembea mpaka kituo cha basi, picha kwapani.

Mama aliitazama. Hakulia, na mimi ningeona afadhali angelia. Alisema, "Ahsante, bwana," akaitundika sebuleni.

Majirani wakija walikuwa wakiuliza ni wapi pale. "Kwetu," mama alikuwa akijibu, akiweka kidole pasipo na kitu. "Na huyu ni mama yangu." Wakatazamana, wakanywa chai yao.

Alifariki Nairobi, hakurudi Lamu. Picha sasa iko kwangu. Pale katikati ya njia kioo kina alama ya kidole chake, na kila nikipangusa vumbi nalizunguka doa lile, silifuti.