Mtungi wa Mama Wawili

Enzi zile tunakua, nyumbani kwetu nje kidogo ya Bariadi, pombe haikuwa na tarehe chini ya chupa. Ilikaa mtungini, kwenye kona ya nyumba ya mama mkubwa, na waliojua kama imeiva walikuwa wawili tu: mama mkubwa mwenyewe, mke wa kwanza wa baba, na mama yangu mzazi, aliyeolewa baada yake kutoka Kalemela. Vijana wa leo wanaosikia kopo likilia "tsss" wakadhani wameisikia pombe, nawaacha na kopo lao.

Mama mkubwa alifundishwa kupika pombe na bibi yake, lakini alipookoka akaacha kuitia mdomoni. Kuipika hakuacha. "Mdomo umeokoka," alisema, "sikio bado." Basi aliinamia mtungi, akafumba macho, akasikiliza. Mwanzoni pombe ilinguruma kama uji mzito jikoni. Baadaye sauti ilipungua, ikawa rasharasha ya mvua kwenye majani ya mahindi, kisha kimya. Kimya hicho ndicho alichokingoja. Mama yangu, mtoto wa wavuvi, alipoolewa hakujua kimea wala nini, ila alikuwa na ulimi wa ajabu. Alichota kidogo kwa kata, akaizungusha mdomoni, akautafuta utamu. Ukiwa umeisha wote, aliitikia kwa kichwa. Hapo walitazamana, na mtungi ukafunguliwa. Sisi watoto tulikuwa tumeshamalizana nao zamani, siku ya togwa, kabla haijachachuka, tulipoinywa na matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, mpaka tumbo likawa ngoma.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha mfululizo, majani yakaifunika pamba. Baba akaita majirani waje kupalilia, na kwetu majirani wa palizi hawakulipwa, walikunywa. Ukiwapa pombe changa, matumbo yanawachafuka shambani. Ukiwapa iliyopitiliza, siki tupu, msimu ujao unapalilia na wanao. Pamba hiyo ndiyo ilitupa kila kitu, kuanzia sare za shule mpaka chumvi.

Na katikati ya hayo mama zetu wakanuniana. Kuku wa mama mkubwa walivamia uwele ambao mama alikuwa ameuanika kwenye kijua cha kuibia, mama akarusha mwiko, kuku mmoja akavunjika mguu. Basi, hawakusemezana tena. Mimi na Kabula, binti wa mama mkubwa, tukawa ndio simu yao. "Minza, mwambie mama yako majivu amwage mbali," anasema mama mkubwa, na mama yuko pale pale, kasikia kila neno, anangoja nimfikie nimweleze.

Palizi ilipokaribia, mama mkubwa akausikiliza mtungi. Kimya. Akamtuma Kabula: "Kamwambie imeiva." Mama alisubiri mwenzake atoke, akaenda kuonja, akanituma mimi: "Kamwambie bado ina utamu." Kabula akarudi: "Anasema kama mtu anataka kumharibia jina lake kwa majirani, aseme wazi." Nikapeleka jibu: "Anasema yeye amenuna, ulimi wake haujanuna." Mvua inanyesha, sisi tunapishana uani tumejifunika magunia. Mwishowe Kabula akakaa chini kwenye matope akalia, nami nikakaa nikalia naye. Niliogopa kwelikweli. Nilishawaona kichwani majirani wakirudi na majembe yao, na mama mmoja kati ya wawili akifungasha virago.

Mama akatoka ndani. Alitupita bila kutuangalia, akaingia kwa mama mkubwa bila hata hodi.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa lugha ya kwetu, "wewe husikii kitu, mimi naonja utamu. Hakuna anayedanganya hapa. Sasa ina nini?"

Mama mkubwa aliweka kiganja ubavuni mwa mtungi.

"Ina baridi," alisema. "Haijaiva hii. Imelala."

Kumbe sikio peke yake lingeitoa changa, na ulimi peke yake ungeingoja bila kujua kinachoisumbua. Waliukumbatia ule mtungi wote wawili, wakauburuta hadi karibu na mafiga, mama mkubwa akauvika blanketi lake mwenyewe. Baba akaenda kuwaomba majirani wavute subira. Kesho yake mchana pombe ikaanza kunguruma upya, na mama zetu, waliokuwa wamekaa kuilinda, wakaanza kucheka. Majirani walipokuja walipalilia wakiimba. Kuku naye alipona, ila alibaki anachechemea.

Mama zetu wametangulia wote wawili. Mimi naishi Somanda, Kabula yuko Nyashimo, safari isiyomshinda mtu. Tulikosana kwa maneno ya kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, akaniblock, nami nikamblock. Wanangu wanasema vizuri, mama, linda amani yako. Amani ninayo, tena nyingi, na nimemkumbuka dada yangu mpaka nachoka. Wageni wakija, bodaboda analeta kreti, bia imeshaiva kiwandani. Mboga napika mwenyewe, chumvi naonja mwenyewe. Hakuna kitu jikoni kwangu kinachomsubiri Kabula ndipo kiive.