Ushauri wangu wa Havana mbele ya Bibi

Jamani, leo nimeaibika, na halua bado iko mdomoni.

Binamu yangu Salha anakwenda Havana, kule kisiwani Kuba, kwa mara ya kwanza. Basi mie, ambaye Havana naiona kwenye simu tu, nikajifanya mwenyeji:

"Mkoba ukumbatie. Ukikaribishwa chakula, kataa. Watu wa visiwani maneno matamu, macho kwenye mkoba."

Bibi akaliweka chini dele la kahawa.

"Na mie mtu wa wapi?"

Bibi ni wa Unguja.

"Babu yako alitoka hapa Omani na njaa yake. Kule kisiwani akakaribishwa chakula, hakukataa. Aliyempikia ni mama yangu."

Wallahi nilitamani zulia linimeze.

Mliofika Havana, mshaurini Salha nyinyi. Mie nimebakiwa na neno moja tu: akikaribishwa, ale.