Siku Niliyomlilia Mama wa Mjapani

Leo nacheka, lakini jamani, kwa miaka mingi nilikuwa nikipita Igawa pale barabarani najifunika uso kwa kitenge (kana kwamba kitenge chenyewe watu hawakijui), maana mimi Anjelina ndiye niliyekifanya kijiji kizima kimlilie bibi mmoja wa Japani ambaye saa ileile alikuwa nyumbani kwake, mzima, pengine anakunywa chai. Aibu ile sijaimaliza hadi leo, ila nimeizoea.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka Kilolo, kwa mama, kuja kukaa na shangazi kwenye tambarare za Usangu, na kazi yetu wanawake pale ilikuwa kutwanga mpunga, asubuhi kinu, jioni kinu, mikono ikawa na sugu ngumu kama kwato. Mimi mtoto wa milimani, nimezoea ukungu, joto la huku lilikuwa linaniyeyusha akili. Kilichonituliza ni redio ya shangazi. Kila alasiri, ukizungusha polepole kwenye masafa mafupi, dada mmoja wa redio ya Japani alikuwa anafundisha maneno ya Kijapani kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa inakuja na kuondoka, inakuja na kuondoka, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Nilimwandikia barua, wakanitumia kijitabu chenye picha. Ee bwana, nilipotea humo!

Nikawa nakata maboksi ya sabuni vipande vidogo, naandika neno, nabandika kwa ugali: kwenye mlango, kwenye mtungi, kwenye jembe. (Kuku waliudonoa ugali na neno lake, shangazi akanitazama akasema, "Anjelina, mlango wangu umekukosea nini?") Betri zikiisha nguvu nilizianika juani, zikipata uhai kidogo nachota maneno mawili matatu. Nikitwanga, kila mchi ukishuka neno moja: hana ni ua, ame ni mvua, yuki ni theluji. Theluji sijaiona maishani, lakini nilikuwa nikilitamka neno hilo nasikia ubaridi shingoni, naona nyeupe inashuka taratibu juu ya majaruba yote ya mpunga ya Usangu, juu ya ng'ombe, juu ya shangazi, hadi mtu anishtue, "We! Unatwanga hewa!"

Sasa ikaja habari kwamba kuna mashine ya kukoboa mpunga, na fundi wake ni Mjapani. Lakini kijiji cha jirani nao walikuwa wanaitaka mashine hiyohiyo, na wakubwa walisema fundi mwenyewe atakaa kwanza siku chache kwetu, akiona watu wanajua kupokea mgeni, ataifunga kwetu. Mwenyekiti akauliza mkutanoni, "Nani atampokea kwa lugha yake, ili ajue sisi siyo washamba?" Ningenyamaza tu. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Wanawake wakanitazama kwa macho ambayo hata leo nayakumbuka, maana walikuwa wanaiona mikono yao ikipumzika.

Siku ikafika. Lori likaja kutoka Mbeya na mashine imefunikwa turubai, akashuka Bwana Ishida, kijana mwembamba, kofia mkononi, amejaa vumbi hadi kope. Dereva, ambaye alikuwa anaelewana naye kwa Kiingereza, akasema anakimbia Igawa kutafuta dizeli, anarudi sasa hivi. Nikasogea mbele ya watu wote, nikamwinamia, nikamtolea salamu yangu ya Kijapani. Yule kijana alishtuka! Akainama, akajibu, uso ukafunguka, na watu wakapiga makofi na vigelegele, na mimi nikajiona naelea kabisa, miguu haipo chini.

Ningeishia hapo, ningekuwa shujaa. Lakini sisi Wahehe mgeni humsalimii nusu. Ukisema kamwene, salamu yetu, umeanza tu, bado hujauliza baba, mama, watoto, mifugo, mvua. Ukiruka mmoja ni kama umemtukana. Na maneno ninayo! Nikamuuliza baba yake. Akajibu maneno marefu, sikuelewa hata moja, nikaitikia kwa kichwa, kwa hekima. Nikamuuliza mvua. Akajibu. Nikamuuliza ng'ombe, akacheka. Halafu nikamuuliza mama.

Akanyamaza. Akanitazama, macho yakalegea, halafu akainamisha kichwa chini, taratibu, akakaa hivyohivyo.

Sasa nyie mnajua. Kwetu mtu ukimuuliza habari ya mzazi wake akanyamaza akainamisha kichwa, hakuna cha kuuliza tena, huyo mzazi hayupo. Nikapekua kichwani neno la kumpa pole kwa Kijapani, sikuliona. Kijitabu kilikuwa na neno la tembo, lakini la pole hakikuwa nalo. Basi nikafanya anavyofanya mtu yeyote. Nikaweka mikono kichwani nikasema, "Uwii, mama yake!" Shangazi akadakia, "Mama yake amekufa? Mtoto wa watu, mbali huku!" Na mnawajua wanawake wa kijiji, hakuna aliyesubiri maelezo. Kilio kikapanda. Mkeka ukatandikwa, mgeni akashikwa mabega akakalishwa, huyu analeta unga, huyu kuku, na Mwenyekiti akavua kofia akaanza kusema maneno ya faraja.

Na mimi nikiwa nimepiga magoti mbele yake, nalia kwa uchungu wa kweli (namlilia na mama yangu aliyeko Kilolo, sijui kwa nini), nikawa narudia neno moja tu nililokuwa nalo, okaasan, okaasan, yaani mama, mama. Nikaona kijana anabadilika rangi. Akatazama mkeka, akatazama wale wanawake, akanitazama mimi. Halafu akajifunika uso na ile kofia na yeye akaanza kulia.

Dereva akarudi. "Nani kafa?"

"Mama yake," shangazi akasema.

Dereva akachuchumaa, wakaongea kwa Kiingereza, akainuka polepole. "Anasema nyinyi ndio mmemwambia. Anauliza simu ya kifo ilifika lini."

Watu mia wakageuza shingo kunitazama. Dereva akauliza tena, ikaeleweka: yule kijana aliinamisha kichwa kwa shukrani tu, kwa kuwa tangu atoke kwao hakuna mtu aliyewahi kumuulizia mama yake. Tulipomweleza kwamba hatuna habari yoyote, tulidhani tu, akatikisa kichwa. Wasiwasi ulikuwa umeshamwingia, mama yake ni mzee. Akataka aende Mbeya posta akapige simu ya maandishi. Lori likaondoka. Na mashine yetu juu yake, chini ya turubai.

Siku tatu. Kinu kilikuwa kinalia, na kila mchi ulikuwa unanisema mimi. Mama mmoja akapita karibu, akasema kwa upole kabisa, "Anjelina, si utufundishe na sisi Kijapani?" Nilibandua maneno yote nyumbani, mlangoni, mtungini, nikatia motoni. Sijajuta maishani kama nilivyojuta pale.

Siku ya nne lori likarudi, mashine ipo. Bwana Ishida akashuka na karatasi anaipunga kwa mbali: mama mzima, analalamika mtoto haandiki barua. Mashine ikafungwa kwetu, na wale kuku wa msiba tukala pamoja, akicheka hadi machozi. Mimi nilikula jikoni.

Miezi miwili baadaye akanijia na picha, bibi mdogo amekaa kwenye baraza ya nyumba, na nyuma yake nyeupe tupu imefunika kila kitu. Yuki. Na barua, ambayo yeye aliisoma kwa Kiingereza na dereva akanitafsiria akiegemea lori: "Mwambie binti aliyeniulizia kwamba mimi nipo. Baba yupo, mguu unamsumbua. Mvua imekuwa ya kutosha. Ng'ombe tuliuza zamani. Na yeye, mama yake hajambo?"

Salamu yangu yote ilikuwa imejibiwa, hakuruka hata mmoja. Na mimi mama yangu sikuwa nimemwandikia mwaka mzima. Nikanyamaza, nikainamisha kichwa.

Nyuma yangu nikasikia ungo unaanguka. "Anjelina!" shangazi akapiga kelele, mikono tayari inapanda kichwani. "Mama yako amefanyaje?"

"Yupo, shangazi! Mzima! Yupo!"

Kesho yake nilipanda basi kwenda Kilolo kuhakikisha. Na tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za mama, najibu upesi, kwa sauti, kichwa juu.