Amri Iliyofichwa Ndani ya Herufi Mbili

Nkatha alikuwa mtu wa kusoma kwanza, kisha kubonyeza. Aliandika programu katika kampuni moja ya Johannesburg iliyohudumia mabenki, na huko, mwaka 2018, kila mfanyakazi alituma kazi yake kwa vifupisho kwenye Git, ghala la pamoja linalotunza programu za wote. Aliyevitunga ni Jacques, mkuu wa kitengo. Unaandika herufi mbili, unabonyeza Enter, na kompyuta inatekeleza amri ndefu ambayo huioni hata mkia wake.

Nkatha alikuwa na vifupisho vyake. Yeye naye aliandika herufi mbili, lakini akigusa kitufe cha nafasi zilikunjuka palepale, amri nzima ikasimama mbele yake, akaisoma, ndipo akabonyeza. Wenzake walimtania kwamba anaandika insha. Jacques hakutania. Alimwamuru atumie vifupisho vya kampuni kama watu wengine, na Nkatha, ambaye bado alikuwa kwenye majaribio na kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea kuthibitishwa kazini, akatii huku moyo ukimchemka.

Basi alasiri moja akaandika zile herufi mbili, akatuma. Kazi yote ya Omollo, Mkenya mwenzake, ikatoweka ghalani. Omollo aliirudisha kutoka kompyuta yake kabla ya jioni, lakini wateja walikuwa wameshaketi na kuonyeshwa programu isiyofunguka.

Kesho yake kikaoni, Jacques alisema Nkatha hakuangalia anachotuma. Aangalie wapi, jamani? Mtu akufunge kitambaa machoni, kisha akugombeze kwa kujikwaa! Hasira ilimpanda Nkatha mpaka masikio yakawaka. Akaunganisha kompyuta yake na skrini ya ukutani, akaandika herufi zile, akakikunjua kifupisho cha kampuni wote wakione: "git push --force". Hilo neno la mwisho hulilazimisha ghala kufuta kazi ya wengine bila kuuliza. Wiki iliyotangulia halikuwapo. Jacques alikiri, bila haya, kwamba ndiye aliyeliongeza Jumapili, maana ghala lilikuwa likimkatalia na kumchelewesha. Hakumwambia mtu. Lakini aliyebonyeza, akasema, ni Nkatha, na majaribio yake yangeongezwa kwa uzembe; kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi.

Omollo alimvuta kando, pale kwenye birika la chai.

"Eish, Nkatha, wewe tia sahihi tu. Ukishathibitishwa, utasema yote."

"Uzembe, Omollo? Hilo liandikwe kwenye jina langu, nami ninyamaze?"

Omollo akajimiminia chai. Hata yeye, ambaye kazi yake ndiyo iliyofutwa, hakuwa amefungua kinywa kikaoni, na hilo lilimuuma Nkatha kuliko maneno ya Jacques.

Nkatha akarudi kikaoni. Alijua vizuri kwamba akiikosa kazi hii atarudi kwao Meru mikono mitupu. Karatasi ilikuwa mezani tayari, na mahali pa sababu pameandikwa neno moja tu: uzembe. Nkatha akaisukuma upande wa Jacques.

"Likunjue neno hili," alisema. "Andika nani alibadilisha amri, nani aliificha, na nani aliamriwa kuitumia. Nikishaisoma yote, nitatia sahihi."

Jacques alisema nafasi haitoshi. Nkatha akamwambia ageuze karatasi.