Kadi Ilipokataa Ng'ambo

Wale mnaosema mambo haya huwapata walevi, mimi sinywi. Tena ilikuwa mchana kweupe, jua linawaka. Kama ningekuwa natunga, ningetunga kitu chenye mwisho mzuri.

Nilikuwa natoka Mbarara, Uganda, kumchukua mama hospitali. Alikuwa amelala kiti cha nyuma, amedhoofu, amejifunika kitenge. Shilingi za kule zilikuwa zimeishia kwenye dawa, nikabaki na kadi ya benki tu, ile niliyohakikishiwa kwamba inakubali nchi zote. Tulipokaribia Murongo, tuvuke turudi kwetu Kyerwa, taa ya mafuta ikawaka. Nikaingia kituo kimoja kidogo chenye pampu moja, nikamwonyesha muuzaji kadi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuleta mashine.

Kadi ikakataa. Tukaichomeka tena, ikakataa. Namba ya siri ilikuwa sahihi na mtandao ulikuwepo. Umewahi kukwama nchi ya watu, mgonjwa yumo garini, na huna hata wa kumpigia simu? Nilitaka kulia, sifichi.

Muuzaji hakukasirika. Alikuwa mtu wa rika langu, mpole, na Kinyambo chake kilikuwa cha kwetu Mabira kabisa. Akatoa mfukoni akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna anayopewa mgeni kabla ya mazungumzo. Kuikataa ni matusi. Akapasua tunda moja, zikatoka punje mbili, akaziweka kiganjani mwangu. Nilikuwa nimejikata kidole kwenye mfuniko wa tangi, damu ikazigusa. Yeye naye alikuwa na mchubuko mbichi kwenye dole gumba. Akachukua punje moja akatafuna, nami nikatafuna nyingine.

Mnyambo yeyote ameshaelewa. Punje mbili za tunda moja, na damu: ndivyo wazee walivyofunga omukago, undugu wa kuchanjiana. Mimi niliona ukarimu tu, shida ilikuwa imenifumba macho.

"Sasa ndugu hamlipishi ndugu," akasema, akajaza tangi mpaka juu. Kisha akachungulia dirishani. "Na huyu ndiye mama yetu?"

Kwetu mama wa mwenzio ni mama yako. Wewe ungejibu nini?

"Ndiye," nikasema. "Ni mama yetu."

Mama akafumbua macho, akamtabasamia.

Nyumbani alipona haraka hadi majirani wakashangaa. Lakini akaanza kupakua ndizi sahani moja ya ziada. "Ya kaka yako," akasema. Niamini, mimi ni mtoto wake wa pekee. Jioni anakaa jikoni akiongea Kinyambo na kigoda kitupu, anauliza, ananyamaza kusikiliza, anacheka. Nikiingia ananiambia nimsalimie kaka. Nimeshamsalimia, nifanyeje? Ukikuta sahani, imelambwa.

Nilirudi kule na hela mkononi, nilipe yaishe. Kituo kipo. Dada aliyekuwa kwenye pampu akaniambia hawajawahi kuwa na mashine ya kadi, wala mwanamume hajawahi kuuza mafuta hapo. Benki nao wanasema siku ile kadi yangu haikuchomekwa popote.

Mchungaji amekuja kuomba, mama akaitikia amina vizuri kuliko sisi wote. Mzee mmoja wa Rugu anayejua mambo ya zamani aliniuliza swali moja tu, kama niliitafuna kahawa kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. "Basi mwanangu, omukago hauvunjwi," akasema, akanisindikiza mpaka barabarani.

Wewe unayevuka mipaka, usitegemee kadi peke yake, beba na hela ya pale. Na kahawa ya mtu usiyemjua, usiipokee na kidonda mkononi, hata kama ataona umemdharau. Afadhali dharau.

Juzi mama alianza kukunja vitenge vyake. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kaka anataka akakae kwake, maana kwangu amekaa miaka yote, sasa ni zamu ya mwenzangu. Alisema kwa upole, kama mtu anayegawa haki. Usiku nikauficha mkoba wake juu ya dari. Leo asubuhi ameniambia nisihangaike kuuficha, huko aendako hahitaji mzigo.