Ngoma Iliyokataa Kwenda Voi

Watu wa Rukanga walimjua Wakio kwa sauti yake. Mama yake alimfundisha kuimba juu ya mlima Kasigau, kwenye fighi, kile kipande cha msitu ambacho mababu walikataza kisiguswe na shoka. Mwimbaji husimama juu ya jiwe penye chemchemi, na wenzake humjibu kutoka ng'ambo ya bonde. Jibu huchelewa kidogo kabla ya kufika, na wimbo ulitungwa hivyo, ukiliachia nafasi.

Mwaka wa sabini na nane chifu alimkuta Wakio akipepeta pojo uani. Mlimani msumeno wa mashine ulikuwa ukinguruma.

"Mama Mwandawiro, siku ya Jamhuri kikundi chako kitacheza Voi uwanjani. Wageni wanataka ile ngoma ya msitu."

"Msitu gani, Chifu? Huo mliompa mtu wa mbao?"

"Hayo ni mambo ya ofisi."

Wakio aliendelea kupepeta. Miaka mingi wanawake wake walikuwa wamesimamishwa juani wakimngojea mkubwa, wakaimba sifa za maji mbele ya kipaza sauti kinachokoroma, kisha wakapewa soda moja moja na kurudishwa kwa lori.

Mumewe Zephaniah, aliyefanya kazi reli, alimsihi. "Cheza tu, yaishe."

"Yaishe kwa nani?" akamjibu.

Siku ya Jamhuri lori lilikuja. Wanawake walitoka wamevaa njuga na kubeba ngoma, wakalipita lori na kushika njia ya mlimani. Waliokuja kuwaaga wakawafuata. Kule juu Wakio alimpa kila mtu mti wake, mchezaji na mtazamaji sawa. "Weka mkono kwenye shina. Wimbo ukikufikia, jibu."

Wakata miti walizima msumeno; kila mti waliotaka kuangusha ulikuwa na mtu.

Wimbo ulipanda kutoka penye chemchemi, mti hadi mti. Wanaume ambao hawakuwa wamefika huko tangu utotoni waliitikia kwa sauti za kukwama. Halafu ukafika mahali palipokwisha kukatwa, penye visiki na jua kali. Hapakuwa na wa kujibu. Wakio hakuendelea. Aliwaacha wote wasikilize ule ukimya, machozi ya hasira yakimtiririka, mpaka mwenzake Phoebe akaangua kilio.

Chifu alifika akihema. "Umenitia aibu mbele ya wakubwa."

"Aibu umejitia mwenyewe. Shika mti au ushuke."

Alishuka. Wiki iliyofuata wakata miti walirudi na askari, na upande wote wa juu ukaanguka. Upande wa chemchemi ulibaki, kwa sababu wanawake walipokezana kukaa pale na hawakuondoka hata walipotishwa. Kikundi cha Wakio hakikualikwa tena Voi. Kila mwaka walipanda mlimani na umati nyuma yao, na walipofika penye visiki walinyamaza.

Watu walimsifu kwamba ameokoa maji. Hakuzipenda sifa hizo. "Nusu imekwenda," alisema, "na ninyi mnapiga makofi."

Mchungaji alipomshauri asamehe, alisema, "Chifu nimeshamsamehe. Mwenye msumeno, bado."