Shemasi Aliyenyima Moto

Jumapili iliyopita, huko Kibabi, niliona jambo ambalo mpaka leo sijalimeza. Tulikuwa wamama jikoni mwa kanisa, tunapika maharagwe, mvua inanyesha. Mwanaume mmoja akaingia na kigae kuomba makaa. Mwanaume mwenzake, anayeishi naye nyumba moja, alikuwa anatetemeka kwa homa, na moto wao ulikuwa umezimika.

Kwetu Masisi moto haunyimwi. Hata adui anapewa. Lakini shemasi wa kanisa letu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimpiga yule mwanaume mkononi, kigae kikaanguka na kuvunjika.

"Moto ya kanisa haiendi kwa batu ya Sodoma! Biblia inakataza mwanaume kulala na mwanaume!"

Aliyejibu ni mke wa shemasi, akichochea kuni bila kuinua macho.

"Papa, Biblia ile ile inasema Sodoma ilishiba, ikaacha maskini. Na wale wabaya walikuja kwa mulango kusumbua wageni."

"Mama, njo wewe unanifundisha Neno?"

"Hapana. Muntu iko mugonjwa. Naenda kupeleka moto."

"Ukienda, usirudie kwangu!"

Mke akajaza makaa ndani ya chungu kilichopasuka, akayafunika majivu, akatoka mvuani na yule mwanaume.

Wanaojua mistari waendelee kubishana. Mimi nina watoto wa kulisha. Nasema nilichoona tu. Jioni mke alikuwa hajarudi, na jiko la shemasi lilikuwa baridi. Shemasi mwenyewe alibisha hodi kwetu, ameshika kigae. Nilimpa makaa. Sikumuuliza analala na nani.